Siku Tatu za Mado

Gradi Ngoy alikuwa na mdomo mrefu kuliko mkono wa mashine aliyoiendesha kule kwenye mgodi wa Mashamba, na tangu mashine ilipozimika kwa kukosa vipuri, ni mdomo tu uliobaki kazini. Lakini Jumanne ile ya mwaka 1993 hata mdomo uligoma. Mke wake Mado, mgonjwa wa moyo, alikuwa amemeza kidonge chake cha mwisho tangu Jumapili. Dispensari ilikuwa tupu, na farmasi za mjini zilikuwa zinauza sabuni na mishumaa. Miguu ya Mado ilikuwa imevimba. Kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili, utadhani anakwenda hadi mji wa mbali wa Musumba kwa miguu.

Ndipo jirani yao Mwenze akaingia bila kubisha. Tshibangu, enfirmie, yaani muuguzi, aliyemtibu Mado miaka minne, alikuwa amefukuzwa nyumbani kwake kama Wakasai wenzake wote, Wakatanga walipowageuka. Alikuwa kwenye gare, kituo cha reli, anangoja treni ya kwenda Kasai, na alikuwa amemwekea Mado vidonge thelathini.

"Treni inatoka saa ngapi?" Gradi akauliza.

"Treni ya hii inchi iko na saa? Kimbia, weye!"

Kwenye gare watu walikuwa wamejaa mpaka katikati ya reli, na magodoro yao, na sufuria, na cherehani. Walipomwona Mkatanga anakuja, wakamgeuzia mgongo. Nani angemwonyesha Tshibangu? Gradi akapekua kichwa, akapata neno moja tu la Kiluba cha Kasai, salamu yao ya moyo, na jinsi wanavyoita mama na baba: mamu, tatu.

"Moyo, mamu! Moyo, tatu!"

Saa nzima alilipiga neno hilo kama muuza mikate, godoro kwa godoro. Wengine waliitikia, wengine walicheka matamshi yake. Kikongwe mmoja akatema mate chini, kisha akamwelekeza kwa kidevu.

Tshibangu alikuwa amekaa juu ya godoro, koti jeupe la kazi bado mwilini. Akatoa chupa ndogo.

"Biko makumi tatu. Kimoja kila asubuhi. Usimupe mbili hata akilia. Hii dawa ikizidi inageuka sumu."

"Na ikiisha, tata?"

"Mi nitakuwa mu treni, Gradi. Utaniuliza ku dirisha gani?"

Gradi akatafuta neno la maana, akaishia kusema "Safari njema," kana kwamba mwenzake anakwenda harusini. Masikio yakamwaka kwa aibu.

Njia panda ya kurudi mtaani ilikuwa imefungwa kwa matairi, na vijana watano wakiilinda. Gradi akainua mkono, ulimi wake bado uko kwenye gare.

"Moyo, bandugu!"

Mmoja wao aliyekuwa anatafuna muwa akaacha kutafuna.

"Munamusikia?" alisema mrefu wao, aliyeitwa Omer, huku akizungusha mkanda kwenye ngumi. "Mukasai anarudi!"

"Mukasai nani? Mi Ngoy, baba yangu ni wa Malemba, hapa hapa Katanga! Moyo... moyo ya bibi yangu! Naleta dawa ya moyo!"

"Huku moyo tunasemaka roho."

"Enfirmie njo anasemaka moyo. Mi mutu wa mashine, ningejua nini?"

Omer akaitikisa chupa. "Imetoka kwa Bakasai. Ni sumu ya kuua bamama zetu. Meza."

Gradi akameza. Hapo kesho ya Mado ilishuka kooni.

"Ingine."

Akameza na kesho kutwa. Cha tatu kilikwama. Akakisukuma kwa mate yaliyokuwa hayapo.

"Ingine."

"Ee Omer, ndugu yangu. Mi nitakufa juu ya kumeza, bibi yangu atakufa juu ya kukosa kumeza. Mutachimba mashimo mbili na hili jua?"

Wa muwa akacheka. Omer hakucheka. Alimkalisha Gradi juu ya tairi, akamchungulia macho kungoja aanguke. Kivuli cha nguzo ya umeme kilitoka kwenye kiatu cha Gradi kikafika gotini. Gradi hakuanguka. Omer akamrushia chupa kifuani.

"Pita."

Nyumbani, Mado alimeza kimoja hata kabla ya maji, akahesabu vilivyobaki.

"Ishirini na sita? Mwenze alisema makumi tatu."

"Bitatu nimemeza mi. Banilazimisha."

Hakumaliza maelezo. Alikimbilia nyuma ya jiko, akatapika mpaka machozi yakamtoka. Mado akamfuata polepole na kikombe cha maji, akapumzika mlangoni, akapumzika tena kwenye kinu.

"Usimwage maji kwanza!" Gradi alikuwa anapekua chini kwa kijiti.

"Unatafuta nini mu matapishi, mwanaume?"

"Siku zako."

Mado akachuchumaa kando yake, akihema.

"Naona majani ya sombe tu," akasema.

"Angalia muzuri."

Mado akamshika Gradi begani ili yeye mwenyewe asianguke, akainama tena kutafuta.