Benchi la Kuchora

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya ukuta wa ukumbi wa kusubiria, nikipaka rangi ya kahawia kwenye nyayo za mama aliyekaa sakafuni. Nyayo zina kazi. Ukizing'arisha mno zinakuwa za mtu asiyetembea. Ukizidisha weusi unakuwa umemtukana mwenyewe. Nyuma yangu shemeji, mdogo wake mume wangu, alikuwa akinichanganyia rangi kwenye kopo, huku akilalamika kwamba watu wote niliowachora wanamkodolea macho yeye.

Hospitali ilitaka picha ya wagonjwa wakisubiri huduma, nami nikachora wagonjwa wakisubiri huduma. Wamekaa chini, migongo ukutani, miguu imenyooshwa, mmoja amelala begani kwa mwenzake. Yule wa nyayo ni mama mkwe wangu. Kila anapokuja kuangaliwa magoti hukaa pale pale karibu na dirisha la kadi, na kumsimamisha ni shughuli ya watu wawili.

Asubuhi ile alikuja katibu wa hospitali. Si mtu mkali. Aliisifu kwanza picha, akauliza kama rangi itastahimili maji, kisha akaeleza kwamba wiki ijayo watakuja wageni waliosaidia ukarabati, na ingependeza hawa watu wakiwa wamekaa mahali pa heshima.

"Huna haja ya kuanza upya, fundi," alisema. "Wawekee tu mabenchi."

Nilimjibu kwamba mimi nilijifunza kuchora kwa kuangalia. Sikufundishwa na mtu, na kitu nisichokiona mbele yangu huwa hakikubali mkononi. Humu ndani sijaona benchi.

Mimi nilidhani nimekataa. Yeye alidhani nimeomba. Haukupita muda mlinzi akaingia akiburuta benchi refu la mbao, linang'aa vanishi, lile la mlangoni kwa katibu. Akaliweka mbele ya ukuta, akawatangazia waliokaa sakafuni kwamba hili si la kukalia, ni la kuchora, na jioni linarudi ofisini.

Shemeji alicheka hadi rangi ikamwagika. Alisema hajapata kuona benchi likiletwa hospitali kupigwa picha. Alipoona mimi sicheki akasogea, akaninong'oneza kwamba mabenchi ni mistari tu, tuyachore yaishe, maana tumeahidiwa pia kuta za wodini.

"Shemeji, unataka sote wawili tumwage unga kwa ajili ya mbao?" akaniuliza.

Nikamwonyesha nyayo za mama yake. "Huyu nikimkalisha vizuri ukutani, nani atauliza tena kwa nini anakaa chini?"

Alirudi kukoroga rangi.

Mama mkwe mwenyewe alikuwepo, maana ilikuwa siku yake ya kliniki. Alituita mimi na mwanawe tumnyanyue, tukadhani ameitwa dirishani. Kumbe alikuwa analiendea benchi. Akaketi, akatengeneza nguo yake, akapumua. Mlinzi akaja haraka, akamwambia kwa adabu kwamba samahani mama, hili ni la kuchora.

"Na mimi ni wa kuchorwa," akasema mama mkwe. "Hunioni pale ukutani? Huyu mkwe wangu kanizidishia unene, lakini ndiye mimi."

Watu wakacheka. Mzee mwenye bandeji kichwani akauliza kama na yeye yumo, nikamwonyesha alipo. Akainuka, akaenda kuketi. Akafuata dada mmoja mwenye mtoto mgongoni, kisha mwingine, na benchi likajaa. Mlinzi alibaki amesimama, hajui amshike nani.

Jioni katibu alikuja kulichukua benchi lake. Hakuna aliyeinuka, wala hakuna aliyepandisha sauti. Mama mkwe alikuwa ameshaonana na daktari tangu mchana, lakini alikuwa amerudi pale pale benchini. Katibu akanigeukia mimi, akaniambia taratibu kwamba kesho jioni akikuta mtu hata mmoja sakafuni kwenye picha ile, ukuta utapakwa chokaa.

Niliweka brashi chini ili asidhani nina hasira.

"Nitalichora benchi hili, na hawa waliokaa juu yake," nilimwambia. "Wengine watabaki chini, kwa sababu wako chini. Ukileta la pili, nitalichora. Ukileta chokaa, nitangoja ikauke, nianze tena."

Aliutazama ukuta, akawatazama watu, akaondoka. Mlinzi akamfuata mikono mitupu.

Kwa mwanga uliobaki nilichora miguu ya benchi na ukingo wa mbele. Shemeji, bila kuagizwa, alikuwa ameshaanza kutafuta rangi ya vanishi ile. Ilimtoka nyekundu mno, akaongeza njano, bado ikagoma. Nikamwambia aiache, tutaijaribu asubuhi. Akafunika makopo. Mimi nikaosha brashi kwa mafuta ya taa, nikaweka alama ya chaki ukutani mahali utakapopita ubao wa kukalia. Kesho naanzia hapo.