Majina Mawili Juu ya Maji

Helikopta zikitoka kiwanja cha ndege hupita chini sana juu ya mashamba ya mpunga ya Buterere, na mabati ya nyumba yangu hutetemeka. Majirani hawainui vichwa tena. Mimi huacha ninachofanya nikasema kimoyomoyo: Ya Rabbi, warudishe. Kisha nasikiliza mpaka zirudi.

Mume wangu Hamimu alikuwa fundi wa ndege jeshini. Alipanda na rubani wake, Sylvère, asubuhi ya mazoezi ya kawaida, mwezi wa Machi, nchi ikiwa tulivu. Ukungu ulishuka ziwani ghafla, helikopta ikaingia majini. Sylvère alipatikana, akazikwa. Hamimu hakupatikana. Msikitini Buyenzi walimswalia mume wangu bila maiti, nikakaa eda mpaka ikaisha, nikavua nguo za eda, na watu wakaona mambo yamekwisha. Mtu akiniuliza mume wangu alikufa katika vita gani, nikajibu kwamba hapakuwa na vita, alikuwa mazoezini, naona uso wake unalegea kama aliyetarajia habari kubwa zaidi. Kisha anauliza bei ya mchele.

Mtu mmoja tu hakuwahi kufanya hivyo: Candide, mjane wa Sylvère. Anakaa Kiriri, mtaa wa mlimani, kwa shemeji yake Sébastien, kaka wa Sylvère, pamoja na binti yake Nella. Kila Machi, siku ya ajali, alishuka kwa gari mpaka ufukweni chini ya Buterere, akiwa na maua. Mimi nilikuja kwa miguu na beseni la mandazi, sadaka ya wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwani, pale. Kila mmoja aliomba kwa dini yake. Halafu Candide aliyaambia maji majina yao kwa sauti: "Sylvère na Hamimu." Rubani kwanza. Nami nilijibu: "Hamimu na Sylvère."

Ni mara hiyo moja tu kwa mwaka niliposikia jina la mume wangu katika kinywa cha mtu mwingine. Binti yangu Asiya ameolewa Kigoma. Babake alipotea yeye akiwa bado ananyonya, na kwenye simu tunazungumza habari za watoto wake.

Candide alipenda kunichokoza. Mwaka mmoja alitafuna andazi langu, akalipima mkononi. "Mama Asiya, ungemubebesha Hamimu haya, helikopta haingeinuka hata."

Tulicheka mpaka wanawake wa ndagala wakageuka. Kisha tuligeukia maji sote wawili, kwa sababu kama ingekuwa kweli, wangebaki nchi kavu.

Mwaka huu alikuja kabla ya Machi, akakaa kwenye mkeka wangu bila kuvua mkoba begani. Nella alikuwa ameposwa, na wakwe walitaka tarehe. Lakini nyumba yenye kilio haitoi bibi harusi. Sébastien alisema lazima waganduke kwanza, yaani wafanye karamu ya kumaliza kilio, ile ambayo Candide alikuwa akiiahirisha mwaka baada ya mwaka.

"Nikiisha kuganduka, sitashuka tena ku maji," alisema. "Mutu harudi ku kilio alichokifunga. Mi nimeona nikuambie mwenyewe."

Nilimwombea Nella baraka. Nikauliza habari za nguo za harusi. Alipoondoka niliswali, nikabaki kwenye msala mpaka adhana iliyofuata.

Karamu ilifanyika Kiriri, chini ya mahema, mji wote ukionekana chini mpaka ziwani. Kulikuwa na bia kwa wengi na Fanta kwa sisi wachache. Nilikaa viti vya nyuma. Sébastien alisimama, akawashukuru wageni, akasimulia utoto wa mdogo wake. Ni mtu mwema. Nadhani aliniona nimekaa peke yangu, akataka kunifanyia hisani.

"Shemeji yetu Khadidja hakupata kaburi, wala siku kama hii," alisema. "Leo tunaganduka kwa wote wawili. Kilio cha Sylvère na Hamimu kimekwisha."

Watu walipiga makofi. Alifungua chupa ya Fanta, akaniletea mwenyewe, akasimama mbele yangu. Kwa desturi yao mfiwa hunywa kwanza, na akinywa kilio kimetoka. Candide alikuwa amekwisha kunywa. Sasa wote walishika glasi zao wakiningoja mimi.

Sisi Waislamu hatuna kuganduka. Ningeweza kusema hivyo, kwa adabu, na wangenielewa. Lakini Nella alikuwa amekaa karibu na mama mkwe wake mtarajiwa, mikono magotini, akiniangalia. Nikikataa, kilio cha nyumba ile kingebaki nusu wazi, naye angeolewa chini yake. Candide alinitikisia kichwa kidogo, kwamba nisijilazimishe.

Nilisema bismillahi, nikanywa. Glasi zote zikainuka.

Candide alinisindikiza mpaka getini.

"Sébastien hakukuuliza," alisema. "Ningejua, ningemuzuia."

"Apana, Mama Nella. Amemtaja mume wangu mbele ya watu wote. Hajawahi kutajwa hivyo."

Nilisema kweli, na bado iliniuma njia yote mpaka nyumbani.

Siku ya Machi ilipofika nilikaanga mandazi alfajiri, nikaenda. Wanawake wa ndagala waliuliza mwenzangu yuko wapi. Niliwaambia ana harusi, wakafurahi, wakagawana mandazi. Nilisogea mbali nao kidogo, nikainua mikono. Nilikuwa katikati ya dua helikopta ilipopita juu yetu kuelekea ziwani, kwenye mazoezi. Nikawaombea na wale waliomo, ambao siwajui majina.

Kisha nikasema: "Hamimu na Sylvère."

Nikangoja sauti ya Candide, ingawa siku zote yeye ndiye aliyeanza. Maji yalikuja miguuni, yakarudi.

Nilihamia pale alipokuwa akisimama Candide, nikasema kwa niaba yake, rubani kwanza: "Sylvère na Hamimu."

Baada ya hapo sikuwa na la kufanya. Beseni lilikuwa tupu. Nilikaa juu ya mchanga, nikaisikiliza helikopta mpaka niliposikia inarudi.