Fundi Aliyepanda Juu ya Matenga

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Bonifasi kiwandani ilikuwa moja tu: kupita kila asubuhi na kopo la mafuta akipaka kila kiungo cha mashine. Zikaja siku za ruksa, biashara ikaachiwa watu binafsi, kiwanda kikauzwa, naye akapunguzwa pamoja na wenzake. Kiinua mgongo akakigeuza Landrova kuukuu, akaanza kuteremsha nyanya za wakulima wa Mgeta hadi sokoni Morogoro.

Tatizo, gari lilitetemeka. Likisimama huku linanguruma, milango iligongana na nyanya za chini ya tenga zikawa mchuzi kabla ya kuonja chumvi. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akalaumu kabureta. Wa tatu akashauri liuzwe, tena mnunuzi awe yeye mwenyewe. Martina, mwenyekiti wa wakulima, akachoka.

"Hii safari ya mwisho," alimwambia Bonifasi. "Zikifika zimepondeka, kuanzia Jumatatu mzigo anabeba Dadi na pikapu yake ya Dubai."

Akatangulia sokoni kuzisubiri, na kusimamia mzigo akamwachia Mama Scholastika, mama mkwe wa Bonifasi. Hapo Bonifasi alijiona kapatikana. Katika ukoo ule mtu na mama mkwe wake hawaketi pamoja wala hawasemezani. Neno sharti lipitie kwa mtu wa tatu, na mtu wa tatu hakuwapo. Mama akapanda nyuma, akakaa juu ya matenga, akampa mkwewe mgongo.

Darajani walisimama kupisha lori. Gari likaanza ngoma yake.

"We tenga," akasema Mama Scholastika, akimtaja mkwewe kwa jina la mjukuu, "mwambie baba Hosiana nyanya zinalia huku."

Jasho lilimtoka Bonifasi. Ilibaki njia moja ya kuupima ugonjwa wa gari ambayo hakuwahi kuijaribu, maana ilitaka watu wawili. Akasogeza gari pembeni, akafungua boneti, akarudi kwenye usukani.

"Tenga," akajibu akitazama mbele, "mwombe mama, kwa heshima zote, aitazame injini. Mimi nitakanyaga breki, nitie gia, niachie klachi kidogo. Aone inafanya nini."

Mama akashuka, akajifunika khanga upande wa mkwewe, akachungulia. Bonifasi akaachia klachi.

"Tenga, mwambie inaruka upande mmoja kama mbuzi aliyefungwa mguu!"

Injini ilipozimwa, akaugusa mpira ulioibeba upande ule. Kipande kikabaki mkononi mwake, laini kama andazi lililolowa chai.

"Muulize nani anaupaka mafuta mpira huu."

"Mwambie ni mimi," Bonifasi alisema kwa fahari. "Kila asubuhi. Kiwandani hakuna mashine iliyowahi kulalamika."

"Mwambie zile zilikuwa chuma. Mpira ukishiba mafuta unaoza. Mimi mwenyewe niliua ndala zangu kwa mafuta ya taa."

Bonifasi akanyong'onyea. Kumbe mafundi watatu wamehangaika bure, na mwenye kuliua gari ni mkono wake mwenyewe, tena kwa kulipenda. Aliona aibu mpaka masikioni.

Mama akavua katambuga zake za tairi, akaziweka juu ya tenga. Kukanyaga tu kiatu cha mama mkwe ni balaa, seuze kukikata kwa kisu na kukilaza chini ya injini! Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja. Bonifasi akaiinua injini kwa jeki, akakata, akapachika, akakaza nati. Kisha, bila kufikiri, mkono ukafuata kopo la mafuta.

"Wewe Bonifasi! Weka chini!"

Wote wawili wakaganda. Kopo likawekwa chini taratibu, na mama akapanda juu ya matenga bila kumtazama.

Sokoni Martina alifunua majani ya migomba, akabonyeza nyanya moja moja hadi za chini. Zote nzima.

"Sawa," akasema. "Lakini hata yule wa plagi alitupa raha siku tatu. Safari hii nani kalitengeneza?"

Bonifasi angeweza kujitaja. Mama Scholastika alisimama pembeni, miguu mitupu, na kwa desturi asingethubutu kumkana mkwewe mbele za watu. Ndiyo maana Bonifasi alishindwa kudanganya.

"Ni mama mkwe wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naliharibu kwa mafuta. Na kinachoibeba injini sasa hivi ni kiatu chake."

Soko lote likaangua kicheko. Martina alijifuta machozi kwa ncha ya khanga, akamtazama Mama Scholastika kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Mzigo ni wako, Bonifasi," akasema. "Jumatatu hii, na kila Jumatatu. Ila huondoki Mgeta bila fundi wako."