Majeruhi Hashiki Shingo

Mimi ni kinyozi, na kinyozi hana redio yake. Redio ni ya wateja. Wakitaka mpira nawawekea mpira, wakitaka matangazo ya vifo nawawekea vifo. Lakini mwezi ule wote walitaka kitu kimoja tu, mjadala wa jeshi. Mkuu mpya wa majeshi alikuwa ameingia na amri zake, hata kiti hakijapata joto. Ndevu marufuku. Askari ruhusa kutoka kambini na bastola kiunoni, hata akiwa likizo. Na ile iliyoniingia mimi mpaka kwenye mfupa: mtihani wa nguvu uwe mmoja kwa wote, mwanamume na mwanamke, na atakayeshindwa aondolewe kikosi cha vita apelekwe ofisini.

"Sawa kabisa!" alisema Mstaafu, sajini wa zamani ambaye huja kunyolewa kichwa kisicho na nywele, maana kinachomleta si wembe, ni maneno. "Risasi haiulizi kama wewe ni bibi au bwana."

"Na hizo bastola barabarani je?" akauliza dereva wa teksi, povu mpaka masikioni. "Nikigombana na askari kwa ajili ya nauli, nani atatuamua?"

"Punguza nauli," akamjibu Mstaafu, na duka zima likaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Mke wangu ni koplo wa kikosi cha mpakani.

Kuna wanaume wanaona haya kuitwa mume wa askari. Mimi naona fahari, lakini fahari hailali na mtu kitandani. Tangu tuoane tumekuwa mke na mume wa likizo. Nanunua mkate mzima, nusu yake inaota ukungu. Nikichekeshwa na jambo mchana, nalihifadhi nimsimulie kwenye simu, na mtandao ukipatikana nakuta utamu wake umekwisha, nabaki kumwambia rudi nyumbani tu. Sasa sikilizeni: ofisi ambayo wangempeleka akishindwa ni ghala la jeshi lililopo hapa hapa mjini. Ukisimama mlangoni pangu unaona ukuta wake. Angekuwa anakuja kula mchana. Angekuwa ananiudhi kila siku, jamani, nami naudhika kwa raha zangu.

Basi nilikuwa naomba ashindwe. Nasema wazi, atakayenicheka anicheke.

Alikuja likizo fupi ya kujiandaa. Aliposhuka kwenye basi niliona begi, nikaona tabasamu, kisha nikaona bastola.

"Na huyu naye atalala wapi?" nikamuuliza tulipofika nyumbani.

"Kwenye kisanduku, juu ya kabati. Ufunguo nalala nao mimi." Akautia kwenye uzi, akauvaa shingoni.

"Zamani ulikuwa unakuja mikono mitupu."

"Zamani hawakuturuhusu. Nasafiri peke yangu, mume wangu, safari ya kutwa nzima. Acha tu." Nikaacha.

Akaniambia kwamba kukimbia hakumsumbui, wanaume wa kikosi chake wanamjua kwa kisogo. Shida yake ni kubeba majeruhi. Unamtwaa mtu mzima, unamlaza mabegani, unakwenda naye mbio kutoka mstari hadi mstari. Zamani wanawake wawili walisaidiana kumbeba mtu mmoja. Sasa kila mmoja na mzigo wake.

"Nahitaji mtu wa kujifunzia," akasema, huku ananipima kwa macho kama mchuuzi anayenunua mbuzi.

"Mimi?"

"Kwani nina mume mwingine?"

Kesho yake alfajiri tulikwenda kwenye uwanja wa mpira. Akachuchumaa, akanivuta mkono, akaniingiza bega tumboni, mara nikaona nyasi ziko chini na miguu yangu iko hewani. Mwenzenu sijawahi kuona raha kama ile. Mwanamume mzima na masharubu yangu, nimening'inia kama gunia la mkaa, nanusa jasho la mke wangu ambalo nilikuwa nalinusa kwenye foronya mpaka likaisha. Muuza maziwa akapita na baiskeli.

"Kinyozi, umekufa?"

"Nimekufa," nikamjibu, "lakini msinizike kwanza!"

Hatukufika katikati ya uwanja. Koplo akayumba, tukaanguka wote wawili.

"Unanishikilia!" akanifokea.

"Nisipokushikilia nitaanguka."

"Majeruhi hashiki shingo. Majeruhi amezimia. Ukinikaba hivyo unanivuta upande mmoja. Legea!"

Nikaahidi kulegea. Tukarudia. Akinyanyuka tu, mkono wangu unamzunguka shingoni wenyewe, unakutana na ule ufunguo, unatulia hapo. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Si kwamba nilipanga. Mtu aliyeshinda njaa miezi mingi, ukimpa sahani ukamwambia asiishike kwa nguvu, atakusikia?

Dukani mambo yakawa moto. Redioni mmoja anasema uongozi ni mfano, mkuu mwenyewe abebe mtu tumwone; mwingine anasema jeshi si mchezo wa kuigiza. Mstaafu akazima mjadala wote kwa mkono.

"Mkeo atashindwa, kinyozi. Sisemi kwa ubaya. Mwili ni mwili."

Ajabu ya Mungu! Jambo lile lile nililokuwa naliombea, kulisikia kwenye mdomo wa mtu mwingine likanichoma kama pilipili jichoni. "Funga domo lako," nikamwambia, "la sivyo utakwenda nyumbani nusu kichwa." Watu wakadhani natania.

Alfajiri iliyofuata tulianguka vibaya. Goti lake likachubuka, damu ikachuruzika mpaka kwenye kiatu. Nikangoja anifokee. Hakufoka. Alikaa kwenye nyasi, akanitazama.

"Niambie ukweli. Unataka nishindwe?"

Ningeweza kumdanganya. Mdomo ulikuwa tayari umeshafunguka. Lakini goti lilikuwa linavuja damu mbele yangu.

"Ndiyo," nikasema. "Nataka ukae hapo ghalani. Nataka uje nyumbani kila jioni. Nimechoka kuwa na mke wa simu. Nimechoka, mke wangu."

Alijifuta damu gotini. Kisha akanishika sikio, polepole, kama anavyofanya akiwa hana maneno.

"Unadhani mimi sijachoka? Kule usiku nalala nimekumbatia begi. Nataka kurudi nyumbani. Ila nataka nirudi kwa miguu yangu, siku nitakayoamua mimi. Sitaki kurudishwa. Nikirudishwa utapata mwanamke anayekaa dirishani anauangalia ukuta, na siku moja atakuangalia wewe kama anavyouangalia ukuta. Huyo unamtaka?"

Nikalala chali kwenye nyasi, nikafumba macho.

"Nibebe," nikasema.

Akaninyanyua. Mikono yangu ikataka kupanda, nikaikataza. Kila kiungo kilikuwa kinalia kimshike, nami nikakiachia kimoja kimoja, bega, kiwiko, vidole, mpaka vyote vikaning'inia mgongoni kwake kama vya maiti. Akatembea. Akaongeza mwendo. Akakimbia. Tulivuka uwanja mzima, na nilijua tumevuka kwa sababu nilisikia viatu vyake vikiacha nyasi na kugonga changarawe. Aliponishusha alikuwa anacheka, anahema, anapiga makofi peke yake. Mimi nilikuwa nalia. Nikamwambia ni vumbi, naye akakubali kuwa ni vumbi.

Likizo ikaisha, akaenda kambi ya mafunzo kufanya mtihani; siku yenyewe sikusikia neno mpaka mchana. Nilikuwa na Mstaafu kitini, kichwa kimejaa povu, simu ikaita. Nikaibana kwa bega.

"Nimefaulu!" Alipiga kelele hata aliyekaa mlangoni akasikia.

Duka likalipuka. Dereva wa teksi akapiga meza. Mstaafu akasimama na shuka shingoni, povu linaruka kila upande. "Si nilisema? Nilisema mimi!"

"Ulisema nini wewe?" wakamzomea.

"Hongera, Koplo," nikasema kwenye simu. "Hongera sana. Umetuletea heshima." Nikaongeza na mengine ya namna hiyo, maneno mazuri ya mbele ya watu.

Nikangoja ashangilie tena.

"Upo?" nikauliza.

"Nipo. Lori linatuchukua jioni kurudi mpakani." Akavuta pumzi. "Kila ukinipigia huwa unaniambia nirudi nyumbani. Leo hujaniambia."

"Umefaulu, mke wangu. Nikikuambia urudi, itasaidia nini?"

"Haitasaidia. Sirudi sasa, unajua. Lakini niombe." Sauti ilikuwa imepungua, nikaibana simu zaidi. "Siku utakayoacha kuniomba, nitajua umeshazoea."

Nikaweka wembe chini. Nikazima redio. Watu wote wakanigeukia, Mstaafu naye, povu linamkaukia kichwani.

"Rudi," nikasema. "Rudi nyumbani, mke wangu."

"Siwezi," akasema. Nikamsikia analia. "Sema tena."

Nikasema tena.