Salamu ya Pili

Ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile Régis Corvenne kuingia jikoni, kumwinamia dada yake na kumbusu shavuni.

"Hujambo, dada?"

Wanda alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Tumeshasalimiana, Vladek. Mara mbili."

"Basi nimesahau."

"Najua umesahau. Na mimi sitakudanganya. Siku utakayoniona naitikia salamu yako ya pili kama vile ndiyo ya kwanza, ujue nimeshakuzika."

Wanda hakuwa mtu wa kupaka maneno asali. Alikuwa na miaka sabini na minane, mjane, na bado aliishi katika nyumba ileile ya matofali mekundu karibu na Lens, kaskazini mwa Ufaransa, katika safu za nyumba ambazo kampuni ya makaa ya mawe iliwajengea wachimbaji wake. Régis, mdogo wake kwa miaka mitano, alikuwa amefikia kwake kwa sababu filamu yake ilikuwa inapigwa mtaa wa pili. Sababu ya kweli ni kwamba hotelini asingekuwapo wa kumwonyesha mlango wa chumba chake.

Kule salamu ni moja kwa siku, basi. Ukishampa mtu mkono au shavu, mmemalizana mpaka kesho. Ukirudia, atakukumbusha papo hapo, kwa kicheko kidogo, kwamba mlishaonana, nawe utaona haya na kusema akili zimebaki kitandani. Waswahili, tunaoweza kumaliza robo saa tukiulizana habari za nyumbani, za watoto na za kuku, tungeiita choyo. Lakini ndivyo walivyo, na katika kazi ya filamu sheria hiyo ni kali maradufu. Kila asubuhi unamsalimu kila mtu, kuanzia mwongozaji hadi mpishi. Ukimruka mmoja, atakukumbuka kwa ubaya mpaka kaburini. Ukimrudia mmoja, watakucheka kutwa. Kwa mtu ambaye kichwa chake kimeanza kuvuja, watu arobaini ni mitego arobaini.

Naye alikuwa na sababu ya kuogopa kunaswa. Alizaliwa Ladislas Wieczorek, Vladek kwa watu wa nyumbani, mtoto wa mchimbaji kutoka Poland aliyekufa na vumbi kifuani. Akaondoka nyumbani na miaka kumi na minane, akaenda Paris kusomea uigizaji huku akiosha vyombo. Mtayarishaji wake wa kwanza alilitazama jina lake kwenye karatasi na kusema hakuna Mfaransa atakayekata tiketi kwenda kutazama jina asiloweza kulitamka. Likapatikana jina la Régis Corvenne kabla kahawa haijapoa. Mama yao alipanda basi kwenda sinema ya Lens, akasoma majina yote yaliyopita kwenye pazia, la mwanawe asilione, akarudi akilia. Régis alilijua hilo miaka yote na hakuwahi kuomba radhi.

Halafu ikaja ile filamu ya dereva wa lori. Ndani yake dereva anazungumza peke yake dakika mbili nzima, mkono kwenye usukani, na mpaka leo Wafaransa wenye umri fulani wakilewa huyakariri maneno yale mezani. Miaka kumi alikuwa juu. Kisha akapewa kucheza inspekta wa polisi, kisha mkubwa wa inspekta, kisha maiti anayechunguzwa na inspekta. Ndiyo kazi ilivyo, ikupandishayo ndiyo ikushushayo.

Maneno yalipoanza kumtoroka alikimbilia studio za kuingiza sauti. Pale maneno yako yanapita yameandikwa chini ya picha, unayasoma kwa sauti midomo inapofunguka, wala hakuna anayekutaka ukumbuke kitu. Miaka tisa alikuwa sauti ya paka wa katuni. Watoto wa nchi nzima walimjua bila kumjua.

Ndipo Maëlle Brouard, mwongozaji wa miaka thelathini na minne, alipompelekea hadithi ya filamu yake. Mzee mchimbaji anarudi kwa binti yake baada ya kutoweka miaka thelathini. Alisema hamtaki mwingine. Régis aliisoma akiwa amesimama ukumbini, koti hajalivua, na alipofika mwisho alikuwa ameketi sakafuni.

"Nikimaliza hii, hata nikifa kesho sawa," alimwambia Wanda kwenye simu. "Lakini nisife nikiwa paka, dada. Naomba hilo tu."

Filamu haianzi bila bima, na bima haikubali mpaka daktari wake amkague mwigizaji mkuu. Daktari akimkataa, kazi huenda kwa mwingine. Habari mbaya zikiwafikia katikati ya kazi, husimamisha kila kitu.

Daktari wa Paris alikuwa mtu mnene, mpole, na ndiyo hatari yenyewe. Alipima damu, akasikiliza moyo, kisha akasema kuna jambo dogo tu la kawaida kwa watu wa umri ule: ashike maneno matatu, limau, ufunguo, puto, naye atamwuliza tena baada ya kitambo. Régis alihisi yale maneno yakitoka mlangoni moja baada ya jingine. Akatabasamu tabasamu la enzi zake na kumwuliza daktari kama aliwahi kumwona yule dereva wa lori.

Daktari akaweka kalamu chini. Alimwona mara sita. Angethubutu kuomba...?

Régis akaushika usukani usiokuwapo na kusema yale maneno yote, dakika mbili, bila kukosea hata pumzi. Ya miaka hamsini nyuma yalikuwa mahali pake yote, kama vyombo vya harusi visivyotumika. Daktari alifuta macho, akatia sahihi, na limau, ufunguo na puto hazikutajwa tena. Huko nje Régis aliegemea ukuta, kwa kuwa hakukumbuka alikuja na treni ipi.

Ya kuigiza aliyamudu kwa ujanja wa kikongwe. Maneno yake aliyabandika ndani ya kopo la sukari, chini ya kapu la mkate, nyuma ya shingo ya chupa. Bérengère Lussac, aliyecheza binti yake, aliona na hakujali. Wakongwe wengi hufanya hivyo, na watu huona ni uvivu tu. Lakini salamu huwezi kuzibandika popote.

Ndipo akabuni dawa yake. Kila siku alikuwa wa kwanza kufika, anasimama mlangoni pa gari la chakula mahali ambapo lazima wote wapite kuchukua kahawa, na anawasalimu wote kwa foleni kama padri baada ya misa. Wa mwisho akishapita, Régis anafunga uso. Kuanzia hapo hasalimii mtu, hata amkute kwenye ngazi pua kwa pua. Anampita kama nguzo.

Walimchukia, bila shaka. Loïc, fundi wa taa mwenye mdomo mrefu, alimbandika jina la Mfalme. Akimwona anapita kimya husema kwa sauti ya kusikika, "Mfalme ameshagawa salamu, duka limefungwa," nao hucheka. Régis alisikia. Yeye aliyekuwa akicheza karata na mafundi maisha yake yote alienda kujifungia kwenye chumba cha mavazi akalia akiwa ameuma mkono wa koti. Afadhali wamwite mwenye kiburi. Mwenye kiburi humaliza filamu yake.

Siku ya kumi na nane, zikiwa zimebaki mbili, mvua ya Novemba ilifunga barabara ya uani. Gari la chakula likaegeshwa upande mwingine na watu wakaingia kwa milango mitatu. Foleni hakuna. Onyesho la siku hiyo lilikuwa kubwa kuliko yote: mzee anaingia, anaweka begi chini na kumwomba binti yake msamaha, ukurasa mzima wa maneno.

Uani alimsalimu Solenne, dada anayegonganisha mbele ya kamera kile kibao cha kuandikia namba ya onyesho kabla halijaanza. Dakika chache baadaye, kwenye ngazi, akakutana na dada mwenye kibao. Amemsalimu au bado? Kunyamaza au kusema? Akasema.

"Hujambo, Solenne?"

Msichana akasita kidogo tu. Kisha akatoa shavu.

"Sijambo, Régis. Umelala salama?"

Hakucheka. Hakusema walishaonana. Régis alishuka ngazi mbili, kisha akasimama, kwa sababu kiganja chake cha kushoto kilikuwa na wino mkavu wa kile kibao na koti la msichana lilikuwa na alama kavu ya kiganja hichohicho begani, ilhali kwenye ngazi hakumshika. Walikuwa wameshakumbatiana uani. Naye ameitikia.

Alitaka kuwa na uhakika. Alimfuata Loïc, ambaye mkono wake alikuwa ameushika muda si mrefu, maana harufu ya tumbaku yake ilikuwa bado vidoleni. Akamnyooshea mkono tena makusudi, akiomba kimoyomoyo kwamba Loïc amcheke, amtukane, amwambie Mfalme leo anagawa mara mbili. Loïc aliweka waya chini, akajifuta mkono kwenye suruali na kumpa.

"Habari za asubuhi, Bwana Corvenne," alisema kwa upole.

Upole ule ulimwua. Maneno ya Wanda yakamrudia yote, hakuna lililopungua: ujue nimeshakuzika. Watu arobaini walikuwa wameshamzika na wanamwitikia kaburini.

Alasiri Maëlle alimkuta kwenye chumba cha mavazi, amekaa juu ya sanduku, begi la yule mchimbaji mapajani.

"Tangu lini?" Régis aliuliza.

"Siku ya nne. Ulimwuliza mpishi tunapiga filamu gani."

"Na watu wa bima?"

"Hakuna aliyefungua mdomo."

"Na Mfalme je? Loïc na kejeli zake?"

"Loïc aliendelea ili usijue kwamba tunajua. Leo amechoka."

Régis aliukodolea macho ukuta. "Mmenionea huruma."

Maëlle angeweza kukanusha. Alikaa naye kwenye sanduku. "Ndiyo," alisema. "Tumekuonea huruma. Na bado nataka onyesho langu kabla mwanga haujaondoka. Utaweza?"

Régis alisimama tu, na begi.

Jikoni pale pa uongo, palipofanana na jikoni mwa Wanda mpaka inatisha, taa ziliwashwa. Nyuma ya kamera, karibu na Maëlle, Wanda mwenyewe alikuwa amesimama na koti lake la mvua, maana jioni ilikaribia na yeye ndiye aliyekuwa akija kumchukua. Solenne alipiga kibao. Régis akaingia, akaweka begi chini. Kopo la sukari lilikuwa pale, kifuniko wazi, maneno yake yote ndani yanamsubiri. Hakulitazama. Huenda alisahau kwamba lipo. Alimtazama Bérengère kwa hofu ambayo hakuna shule inayoifundisha.

"Samahani," alisema. "Mimi na wewe tumeshasalimiana leo?"

Hayo hayakuandikwa popote. Bérengère alikuwa na maneno yake, nayo makali, ya binti aliyetupwa. Aliyaacha.

"Bado, baba."

"Una hakika? Sitaki kukosea."

"Miaka thelathini nakungoja. Bado."

Akamsogelea, akamshika uso kwa mikono miwili na kumbusu shavu moja, kisha la pili, polepole, kama mtu anayehesabu ili asipoteze. Maëlle hakusema basi. Kamera iliendelea mpaka mzee akavuta kiti, akaketi, akakifunua kikombe chake kilichokuwa kimefudikizwa, akisubiri kumiminiwa.

Waliposimamisha, Loïc alikuwa amegeukia ukuta. Maëlle alienda akapiga magoti karibu na kiti na kumwambia kwamba amepata filamu yake, kwamba picha zilizobaki ni za mlango na barabara, na hata yeye asipokuja, mtu mwingine atavaa koti lake na kupita akionekana mgongo tu.

Régis alimsikiliza kwa adabu kubwa.

"Vizuri," alisema. "Na mimi naanza saa ngapi?"

Bérengère ndiye aliyesema, akimfunga vifungo vya koti, kwamba wamemaliza, na kwamba alikuwa mzuri kupita wote. Uso wa mzee ukang'aa. Amemaliza! Si paka tena. Akainuka na, kama mtu mwenye adabu zake, akaanza kuwapitia mmoja mmoja, mkono, shavu, mkono, hujambo, hujambo, na watu arobaini wakaitikia mmoja mmoja, hakuna aliyecheka wala aliyemkumbusha.

Mwisho wa mstari alisimama Wanda. Walikuwa wamesalimiana jikoni asubuhi, mara nne siku hiyo, na kila aliporudia alikuwa amemwambia.

"Hujambo, dada?"

Wote waliinamisha macho. Wanda alikuwa na jibu lake tayari mdomoni, lilelile la siku zote, la kweli. Alimtazama mdogo wake, nywele zimeloa, furaha usoni kama siku ile alipopanda treni ya Paris na sanduku la baba yao. Akalimeza lile jibu.

"Sijambo, Vladek," alisema, na kumpa shavu. "Hujambo wewe?"

Régis alimbusu, akatabasamu. Alifurahi kwamba leo, angalau kwa dada yake, hakukosea.