Chanzo cha Sentensi Moja

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: huko Shabunda, mila inakataza wanawake kukaribia shimo la dhahabu. Yolande aliikuta katika makala nyingi alizosoma kwa ajili ya sura ya kwanza ya tasnifu yake ya udaktari, ile ya kupitia yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Kila alipoikuta aliipigia mstari kwa penseli nyekundu.

Kazi ya penseli mbili alifundishwa na msimamizi wake, Profesa Mushagalusa. Nyekundu ni ya jambo ulilolisoma tu. Kijani ni ya jambo ulilolifuata mpaka kwa mtu aliyeliona kwa macho yake. Bila saini ya profesa kwenye sura hiyo, Yolande hangeruhusiwa kwenda Shabunda kufanya utafiti, na mzee huyo hakuwa wa kutia saini kwa huruma.

Basi akaifuata sentensi. Makala zote zilitegemea kitabu cha profesa mwenyewe. Kitabu kilitegemea ripoti ya mgeni mmoja aliyepita Bukavu zamani. Ripoti akaipata kwa shida, akaisoma nyumbani, mtaa wa Cimpunda, huku dada yake Sagesse akichambua sombe, majani ya muhogo, upande wa pili wa meza.

“Hiyo karatasi unaisoma sana,” Sagesse alisema. “Ni kama barua ya muchumba.”

Yolande aliisogeza karatasi karibu na macho. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, mgeni alikuwa ametaja chanzo chake: mazungumzo na kijana mtafiti, Mushagalusa, wa Bukavu.

Alipomweleza dada yake, Sagesse aliacha majani. “Uache tu. Ni yeye atatia saini.”

Angeweza kuacha. Lakini swali moja lilimwasha: yule kijana aliona nini huko?

Kesho yake alizipanga karatasi mezani kwa profesa, moja baada ya nyingine. Profesa alisoma mpaka ile ya mwisho, akavua miwani. Kisha akasimulia taratibu. Alifika kwenye shimo moja, mara moja tu, akiwa bado mwanafunzi. Hakuona mwanamke hata mmoja. Alipokuwa akiondoka ndipo aliposikia kuwa kulikuwa na msiba, na wanawake wote walikuwa kwenye kilio. Baadaye mgeni alipomuuliza kwa nini hakuona wanawake, hakuutaja msiba; alimjibu tu kwamba pengine ni mila. Miaka ikapita, akaikuta ile “pengine” yake ndani ya ripoti, imekuwa jambo la hakika.

“Nilifurahi,” alisema. “Nikasema, tazama, hata wageni waliona ile niliona.”

“Prof, na siku zingine, hao wamama walikuwa wapi?”

Profesa alivaa tena miwani.

“Sikuuliza.”

Akanyoosha mkono. Yolande akampa penseli zote mbili. Alichagua nyekundu, akashusha kitabu chake kutoka kwenye rafu, akatafuta ukurasa, akaipigia mstari sentensi yake mwenyewe, polepole, mpaka kwenye nukta. Halafu akavuta sura ya Yolande na kutia saini.

“Wewe uende uulize,” alisema. “Mimi pia nataka kujua.”

Penseli nyekundu ilibaki kwake. Yolande alishuka ngazi na ile ya kijani, ambayo ilikuwa bado ndefu.