Tarehe ya Pampu

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tatu, saa mbili na robo asubuhi. Gari lilikohoa mara tatu kwenye mwinuko wa tangi la maji, likazima, na halikuwaka tena. Kwenye kiti cha nyuma alilala mke wa fundi makochi, mkono kifuani, pumzi anazivuta kwa kuzihesabu. Fundi akapiga simu zahanati ya manispaa waje na gari la wagonjwa. Akajibiwa kwamba gari lipo, dereva yupo, mafuta ndiyo hayapo. Alipotokea msamaria mwenye pikapu ilikuwa saa tatu kasoro, na walipofika hospitali kubwa daktari alimtazama mama wa watu, kisha akamtazama fundi, kisha akavua miwani.

Tangu siku ile fundi alikuwa na wimbo mmoja. Barabara ile ina mashimo ya kuzikia ng'ombe, na shimo la chini ya mwinuko ndilo lililolitikisa gari likafa. Nani kaliacha shimo? Wahusika. Nani kayanywa mafuta ya gari la wagonjwa? Wahusika. Aliuimba matangani, akauimba kwa kinyozi, akauimba kwenye mikutano ya mtaa mpaka mwenyekiti akajifunza kumpa nafasi ya mwisho kabisa, watu wakiwa wameshaanza kukunja viti. Mtaa ukambandika jina, Mzee Wahusika. Hakuchukia. Alisema heri kuitwa wao kuliko kuwa wao. Na tusimwonee, mashimo yalikuwepo kweli, na mafuta hayakuwepo kweli. Mtu aliyeishia darasa la tatu hana gazeti la kuandikia. Ana mdomo wake tu.

Sasa ilikuwa imepita miaka miwili na ushei, na binti yake wa pekee alikuwa amerudi kukaa naye, tumbo la miezi saba. Mume wa binti alifanya kazi machimboni, huko mbali, na kurudi kwake kulikuwa kwa kubahatisha. Daktari alikuwa amemwambia binti kwamba presha inampanda, kwa hiyo uchungu ukianza asipelekwe zahanati, akimbizwe hospitali kubwa moja kwa moja. Mama mkwe wake alikaa nyuma ya hospitali hiyo, ukuta kwa ukuta, na alikuwa ameshatandika kitanda.

"Baba," binti alisema jioni moja akifua soksi za mzee wake, "mimi ningependa uchungu unikute hapa kwetu. Lakini kuzaa sipelekwi na lile gari. Ukipata la kuaminika, nabaki. Usipopata, Jumamosi naenda kwa mama mkwe."

"Yule mama atakuchosha kwa maswali."

"Bora maswali kuliko mwinuko wa tangi."

Fundi akaokota soksi moja akaikamua. Angeweza kumwambia kwamba gari lile, tangu wakati ule, halijawahi kuzima hata mara moja. Lakini maneno hayo yalikuwa na mkia, akayaacha yalale. Alichokijua ni kwamba tangu mkewe afariki alikuwa akila amesimama, sufuria mkononi, kama mlinzi wa zamu. Binti aliporudi ndipo alipoanza tena kuvuta kiti na kukaa mezani. Ili aendelee kukaa mezani alikuwa tayari kuuza hata nyundo.

Alhamisi wakaenda yadi ya magari. Muuzaji alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya mshereheshaji, na kila mteja kwake alikuwa mkwe.

"Karibu, mkwe wangu. Naona binti umeshamwoza, nimechelewa."

"Umechelewa miaka minne," binti akasema. "Tuonyeshe magari."

Akawapeleka kwenye gari la rangi ya fedha, linang'aa mpaka unajiona meno, riboni nyekundu imefungwa puani mwake. "Hili ukiingia nalo mtaani, watu watakuamkia kabla hujashuka."

"Kizuri chajiuza," fundi akasema. "Hili mbona mmelivalisha riboni?"

"Ni heshima tu, mkwe. Hela yote huna? Usiwe na wasiwasi. Unatuachia lako la zamani, tunalipigia bei, hiyo ndiyo inakuwa malipo yako ya kwanza. Inayobaki unakopeshwa, unalipa pole pole miezi thelathini na sita. Hata hutasikia."

"Kukopa harusi, kulipa matanga. Na hiyo riba nani kaipanga?"

"Benki."

"Wahusika," binti akanong'ona, na muuzaji akacheka sana bila kujua anachochekea.

Watu wengine wakienda kununua gari hufungua boneti, wakatazama injini kama wanaoielewa. Fundi makochi alifungua mlango. Akakibonyeza kiti cha dereva kwa dole gumba, akaliachia, akatazama sponji inavyopanda. Akabonyeza cha abiria. Akapiga goti moja, kofia akaigeuza nyuma, akapitisha mkono chini ya kiti na kuuacha humo kwa muda mrefu kama daktari wa ng'ombe.

"Gari hili lina miaka mingapi?"

"Sita, mkwe. Bado mtoto."

"Kiti cha miaka sita hubonyea upande wa mlangoni, pale dereva anapoteremkia. Hiki kimenyooka. Sponji ni ya juzi, na aliyeishona alikuwa na haraka." Akautoa mkono. Vidole vilikuwa na unga wa udongo mkavu, laini kama poda. "Na spring zimeota kutu. Gari hili limeoga."

"Limeoshwa, mkwe, hapa tunaosha kila siku asubuhi."

"Sikusema limeoshwa. Nimesema limeoga. Maji yalifika hapa." Akaweka kiganja usawa wa goti lake. "Leo linawaka. Mwezi wa sita nyaya zikianza kuoza, litamwachia mtu njiani."

Muuzaji akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mkwe, wewe ni polisi?"

"Fundi makochi."

"Afadhali polisi. Wale wanazungumzika."

Hapo akawa kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. Akawapitisha nyuma ya yadi, kwenye gari la rangi ya majivu lisilo na riboni wala mng'ao. Mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke, aliyeliendesha kutoka nyumbani hadi shuleni na kurudi kwa miaka tisa. Fundi akabonyeza. Kiti kilikuwa kimelala kidogo upande wa mlangoni. Uzi ulikuwa wa kiwandani. Chini ya kiti kulikuwa na chaki moja na pini ya nywele. Akawasha, akazima, akawasha tena, akasikiliza huku amefumba macho.

Binti akaingia upande wa pili, akapitisha mkanda chini ya tumbo, akaegemeza kichwa. "Hapa nabaki, baba," akasema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani.

Ila gari la mwalimu mkuu lilikuwa na bei yake. Wakaingia ofisini, nayo ofisi ilikuwa kontena lenye feni moja, viti vya plastiki na mashine ya fotokopi iliyofunikwa kwa kanga. Fundi wa yadi akapewa ufunguo wa gari la zamani akalikague. Muuzaji akabonyeza kikokotoo, akakunja uso, akabonyeza tena.

"Kwa umri wa lako, nikikupa bei ya kawaida, mkopo utabaki mrefu. Kila mwezi utawalipa benki seti mbili za makochi. Wewe kwa mwezi unamaliza seti ngapi?"

"Tatu, wateja wakilipa."

"Basi utakula sponji." Akakuna kidevu. "Kuna njia. Gari likiwa na kumbukumbu za matengenezo, bosi wangu ananiruhusu kuipandisha bei. Watu wananunua historia, mkwe. Una risiti yoyote? Kikaratasi chochote?"

"Daftari lipo," binti akasema. "La mama. Lipo kwenye dashibodi siku zote."

"Achana nalo, mama," fundi akasema. "Limechakaa."

"Kuchakaa ndiyo historia yenyewe," muuzaji akasema, na binti alikuwa ameshainuka, haraka kuliko tumbo lilivyomruhusu.

Lilikuwa daftari la shule lenye jalada la kijani. Marehemu alikuwa amemaliza darasa la saba kwa maksi nzuri, kwa hiyo kalamu ya nyumba ilikuwa yake. Kila walipotoka gereji aliandika mistari miwili. Wa kwanza ulianza *Fundi kasema*. Wa pili ulianza *Imefanyika*, kisha tarehe. Mstari wa pili ukikaa mtupu siku mbili tatu, hakugombana na mtu. Akikaa kwenye gari aligonga dashibodi kwa pete yake, ko ko, na mume alijua anadaiwa. Fundi makochi hakuwahi kulifungua daftari lile. Mwandiko wa kuunganisha ulimshinda, na baada ya msiba ulimshinda zaidi.

Muuzaji akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ileile ya sherehe. "Fundi kasema oili. Imefanyika, siku hiyohiyo. Fundi kasema breki za mbele. Imefanyika, siku ya tatu. Fundi kasema tairi mbili… imefanyika, wiki moja, na hapa kaandika, 'baada ya maneno'." Akacheka. "Mkwe, ulikuwa mbishi."

"Kidogo," fundi akasema. Naye akajikuta anatabasamu, maana alikuwa amesikia sauti ya mkewe ikitoka kwenye kinywa cha mtu mnene.

"Huyu mama angekuwa hai ningemwajiri. Miaka kumi na moja, hakuna mstari ulioachwa. Binti, umerithi mwandiko?"

"Nimerithi ubishi wa huyu," binti akasema, na akamgusa baba yake begani.

Muuzaji akafika mwisho. "Tarehe nne, mwezi wa tatu. Fundi kasema pampu ya mafuta inakufa, ibadilishwe wiki hii. Imefanyika…" Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Hapa hapana tarehe. Alisahau?"

"Mama hakuwa mtu wa kusahau," binti akasema.

Feni ikazunguka. Fundi makochi aliiona siku ile ya tarehe nne kama imetandikwa mezani. Alikuwa ametoka kununua kitambaa chekundu cha mahameli, mita ishirini na mbili, kwa ajili ya makochi ya diwani. Mfuko ulikuwa mtupu. Fundi wa gereji alisema pampu, na yeye akasema tusubiri, diwani akilipa tutabadilisha, gari si linatembea? Mkewe aliandika, akarudisha daftari, akagonga dashibodi, ko ko. Wiki ya pili akagonga tena. Diwani alilipa mwezi wa sita, tena nusu. Kwa hiyo hata hapo wahusika walikuwemo, na fundi aliwahi kujiambia hivyo usiku na mchana. Ila neno *tusubiri* halikutoka kinywani mwa diwani.

Akaikumbuka na tarehe nyingine. Ishirini na tisa ya mwezi uleule, siku ya nane tangu mazishi. Alilivuta gari mpaka gereji, akamsimamia fundi wa gereji hatua kwa hatua mpaka pampu mpya ikakaa, akalipa kwa hela ya rambirambi, na hakumweleza mtu. Hakuwa na wa kumwandikia.

Mlango wa kontena ukafunguliwa. Fundi wa yadi akachungulia, anafuta mikono kwa tambara. "Gari zima, bosi. Mwili umezeeka ila ndani limetunzwa. Hata pampu ya mafuta ni mpya, ilishabadilishwa."

"Basi, mambo yamekwisha," muuzaji akasema, na akavuta fomu karibu. "Pampu inatupandishia bei peke yake. Mkwe, gari la mwalimu mkuu ni lenu. Nikiijaza hii tarehe, historia inakuwa kamili kuanzia jalada mpaka jalada." Akachomoa kalamu mfukoni. "Hata ya kukadiria nitaipokea, mimi si mahakama. Tuseme ya tano? Ya sita, mwezi huohuo?"

Ya tano ingetosha. Ingekaa vizuri pale, kwenye mstari wake, na shimo la barabara lingebaki na kosa lake, na Jumamosi ingepita bila mtu kufunga begi. Fundi akafungua mdomo.

Binti yake alikuwa amelivuta daftari upande wake. Kidole chake kilikuwa juu ya ile nne. Kikatembea pole pole kwenye nafasi nyeupe chini yake, kama mtu anayehesabu siku, mpaka kikasimama mahali pasipoandikwa kitu. Kisha akainua uso akamtazama baba yake. Hakuonekana na hasira. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya tumbo. Alikuwa anangoja, kama mama yake alivyokuwa akingoja baada ya kugonga.

"Mkwe," muuzaji akasema, nibu ya kalamu ikigusa karatasi, "pampu ilibadilishwa lini?"